Umaarufu na Ustahili: Nani Avae Jezi ya Taifa?

Wahenga wetu walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tumeizoea tangu utotoni, na aghalabu tunaitumia kumsifu mtu aliyeonyesha ustadi wake mbele ya jamaa zake, nao wakamtuza. Lakini methali hiyo ina upande wa pili ambao hatuutazami mara kwa mara. Ikiwa mcheza kwao hutunzwa, yule achezaye ugenini, ambaye hakuna anayelijua jina la baba yake, atatunzwa na nani? Sisi tunaoishi Silver Spring, Hyattsville, Alexandria na vitongoji vingine vinavyouzunguka mji wa Washington tuna sababu ya kuliuliza swali hili. Watoto wetu wanacheza ugenini, ingawa wengi wao wamezaliwa hapa hapa.

Mwezi huu tumekusudia kuitazama kadhia ambayo kila msimu wa mashindano makubwa huzusha mabishano katika sebule zetu na katika vinyozi tunakonyolewa: uteuzi wa wanamichezo wa timu za taifa. Je, jezi ya taifa avae yule anayependwa na wengi na mwenye jina kubwa, au avae yule anayestahili kwa kazi aliyoifanya uwanjani? Jibu linaonekana jepesi. Hakuna mtu atakayesimama hadharani aseme kwamba jina ni bora kuliko uwezo. Ugumu unaanza pale tunapoulizwa: huo ustahili unapimwa kwa kipimo gani, na anayeushika mkononi mwake kipimo hicho ni nani?

KIANGAZI KIMOJA, NJIA MBILI

Mwaka 2024, kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Paris, mataifa mawili tunayoyajua vyema yalilijibu swali hili kwa njia mbili tofauti. Tuanze na Kenya.

Katika mbio za marathoni Kenya hutegemea wateuzi, si mashindano ya mchujo. Sababu yake inaeleweka. Kilomita 42 na mita 195 huuchosha mwili kiasi kwamba mkimbiaji hawezi kushindana kwa nguvu zake zote mara nyingi katika mwaka mmoja. Aliyekimbia London au Boston mwezi wa Aprili hawezi kuitwa nyumbani mwezi wa Juni akimbie tena, kisha ategemewe kuleta medali mwezi wa Agosti. Kwa hiyo wateuzi wa Athletics Kenya, chama kinachosimamia riadha nchini humo, huyatazama matokeo, huyapima, kisha huchagua majina matatu.

Mwezi wa Machi mwaka huo zilifanyika mbio za marathoni za Tokyo. Benson Kipruto alishinda kwa saa 2, dakika 2 na sekunde 16. Wa pili alikuwa Timothy Kiplagat, aliyetumia saa 2, dakika 2 na sekunde 55. Eliud Kipchoge, mtu ambaye jina lake linajulikana hata kwa wasiofuatilia riadha, alimaliza wa 10 kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 50. Timu ya Paris ilipotajwa, Kipchoge alikuwamo pamoja na Kipruto na Alexander Mutiso Munyao, mshindi wa London ya Aprili mwaka huo. Kiplagat akawekwa akiba.

Tusiwahukumu wateuzi kwa haraka. Kipchoge alikuwa na medali mbili za dhahabu za Olimpiki katika marathoni, ya mwaka 2016 na ya mwaka 2021, na hakuna binadamu aliyewahi kupata ya tatu. Mwezi wa Septemba 2023 alikuwa ameshinda Berlin kwa saa 2, dakika 2 na sekunde 42. Isitoshe, mwezi wa Februari 2024 Kenya ilikuwa imempoteza kwa ajali ya gari Kelvin Kiptum, mwenye rekodi ya dunia ya saa 2 na sekunde 35. Taifa lililokuwa katika majonzi lilitamani kumwona mzee wa kazi akilibeba tena. Lakini mzee huyo alikuwa na umri wa miaka 39, na njia ya Paris ilikuwa na vilima vikali. Baada ya kupita kilomita 30 alisimama, akaanza kutembea, akajitoa. Kipruto aliiokoa Kenya kwa medali ya shaba.

Na dhahabu ilikwenda kwa nani? Ilikwenda kwa Tamirat Tola wa Ethiopia, aliyetumia saa 2, dakika 6 na sekunde 26, muda uliokuwa rekodi mpya ya Olimpiki. Ajabu ni kwamba Tola mwenyewe alikuwa wa akiba. Aliingia timuni katika wiki za mwisho, baada ya Sisay Lemma, mshindi wa Boston wa mwaka huo, kuumia na kumwachia nafasi. Basi aliyewekwa pembeni na taifa lake ndiye aliyelipatia taifa hilo heshima kuu.

Sasa tuvuke bahari tuje huku tunakoishi. Marekani, katika riadha, huandaa mashindano ya mchujo, na kanuni yake ya msingi haina maneno mengi: watatu wa kwanza, wakiwa wamefikia kiwango kinachotakiwa, ndio wanaokwenda. Mwezi wa Juni 2024 mchujo huo ulifanyika Eugene, katika jimbo la Oregon. Mmoja wa waliotazamiwa sana alikuwa Athing Mu, binti aliyezaliwa Trenton, New Jersey, na wazazi waliohama kutoka nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 19 tu, alikuwa ametwaa dhahabu ya Olimpiki katika mita 800, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia. Katika fainali ya mchujo aligongana na wenzake mapema, akaanguka. Aliinuka akamaliza wa mwisho, machozi yakimtoka. Rufaa iliwasilishwa, ikakataliwa. Bingwa wa Olimpiki akabaki nyumbani.

Nafasi ya tatu katika mbio hizo ilichukuliwa na Juliette Whittaker, binti wa Laurel, Maryland, mji ambao wengi wetu tunaupita tukielekea Baltimore. Huko Paris alifika fainali akawa wa 7. Mu, kwa umaarufu na kwa muda wake bora, alikuwa mbali mbele yake. Lakini siku iliyotangazwa kuwa ndiyo siku ya hukumu, Whittaker alisimama wima na akawa wa tatu.

MATOKEO SI USHAHIDI

Watu wengi huzisoma habari hizi kwa kutazama mwisho wake. Kipchoge alijitoa, kwa hiyo uteuzi wake ulikuwa wa upendeleo. Mu hakwenda na Marekani haikupata medali katika mita 800 za wanawake, kwa hiyo kanuni ya mchujo ni ya kijinga. Sisi hatukubaliani na hoja hizo zote mbili. Hakuna ajuaye kama Kiplagat angefanya vizuri Paris, wala hakuna ajuaye kama Mu angepata medali. Ushindi hauhalalishi uteuzi mbaya, na kushindwa hakuubatilishi uteuzi mzuri. Uteuzi hauna budi kupimwa kwa yale yaliyojulikana siku ulipofanywa, na kwa namna ulivyofanywa.

Mfano wa mwaka 2012 unalieleza jambo hili vizuri zaidi. Mwaka uliotangulia, Wakenya walikuwa wameitawala marathoni. Geoffrey Mutai alikimbia Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, ingawa kwa sababu ya umbo la njia ya Boston muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia. Mwezi wa Septemba 2011 Patrick Makau aliivunja rekodi ya dunia mjini Berlin kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Hata hivyo, timu ya Olimpiki ya London ilipotajwa, wote wawili hawakuwamo. Mwezi wa Aprili 2012 Mutai alikuwa ameishia njiani Boston katika joto kali, naye Makau akaishia njiani London. Wateuzi wakamchukua Wilson Kipsang, aliyeshinda London mwezi huo huo, na Abel Kirui, bingwa wa dunia wa mwaka 2009 na 2011. Emmanuel Mutai aliingia baada ya Moses Mosop kuumia.

Siku ya mashindano dhahabu ilitwaliwa na Stephen Kiprotich wa Uganda, kijana aliyekuwa akifanya mazoezi yake huko huko Kenya, karibu na Eldoret. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda tangu ile ya John Akii-Bua mwaka 1972. Kirui alipata fedha na Kipsang shaba.

Basi tulinganishe. Mwaka 2012 rekodi ya dunia ya miezi saba tu iliyopita haikutosha kufuta mbio moja mbaya ya Aprili. Mwaka 2024 mbio moja mbaya ya Machi haikutosha kufuta sifa za miaka mingi. Kila uamuzi, ukitazamwa peke yake, una hoja za kuutetea. Kasoro tunayoiona imo katika mizani inayobadilika. Mara tunapima hali ya sasa, mara tunapima historia, na mwanamichezo aliyeko kambini Iten au Kaptagat hajui atapimwa kwa ipi. Mahali ambapo mizani haijulikani, umaarufu huingia kimyakimya na kujiketisha kwenye kiti cha ustahili, hata kama wateuzi ni watu waadilifu. Jina kubwa halihitaji kuhonga mtu. Linatosha kusikika.

SAA HAIJUI SHANGAZI WALA MJOMBA

Wapo wanaosema kwamba dawa ya ugonjwa huu ni moja: kila kitu kiachiwe saa na futi. Saa haijui shangazi wala mjomba. Haijui kabila, haijui klabu, haijui nani ametokea katika matangazo ya televisheni. Sisi tunaikubali sifa hiyo kwa moyo wote, lakini ni wajibu wetu kusema pia kwamba saa ina ukatili wake.

Mwaka 1992 kampuni ya Reebok ilitumia mamilioni ya dola kuwatangaza Wamarekani wawili wa shindano la riadha la michezo 10, Dan O'Brien na Dave Johnson. Taifa zima lilikuwa likiulizwa ni yupi kati yao atakayeshinda Barcelona. Katika mchujo uliofanyika New Orleans, O'Brien alikuwa akiongoza vizuri mpaka zamu ya kuruka kwa upondo. Alishindwa mara tatu kuuvuka urefu wake wa kwanza, akapata sifuri, akatolewa. Fedha zote za matangazo hazikuweza kumnunulia nafasi moja. Johnson alikwenda akapata shaba. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo O'Brien aliweka rekodi ya dunia ya pointi 8,891, na mwaka 1996 akatwaa dhahabu mjini Atlanta. Mtu bora duniani alikosekana Barcelona kwa sababu ya siku moja mbaya. Lakini hakuna mtu aliyeweza kusema kwamba ameonewa.

Kenya nayo ilionja shubiri hiyo. Mwaka 1996 Daniel Komen alimaliza wa nne katika mchujo wa Kenya wa mita 5,000, hivyo hakwenda Atlanta. Huko dhahabu ilichukuliwa na Venuste Niyongabo wa Burundi, akimtangulia Mkenya Paul Bitok kwa sehemu mbili tu za kumi za sekunde. Tarehe 1 Septemba mwaka huo, mjini Rieti, Italia, Komen alikimbia mita 3,000 kwa dakika 7 na sekunde 20.67. Rekodi hiyo ilidumu karibu miaka 28, hadi ilipovunjwa na Jakob Ingebrigtsen wa Norwei mwezi wa Agosti 2024. Ndiyo maana kwa miaka mingi Kenya imependelea njia ya kati katika mbio za uwanjani: wawili wa kwanza wa mchujo hupita wenyewe, na nafasi ya tatu huachiwa wateuzi. Hiyo ni hekima, ilimradi mlango huo wa tatu usigeuke kuwa mlango wa nyuma.

Lakini tazameni upande mwingine, upande unaotuhusu sisi. Tarehe 29 Februari 2020, katika mchujo wa Marekani wa marathoni mjini Atlanta, Abdi Abdirahman, mzaliwa wa Somalia aliyekuwa na umri wa miaka 43, alimaliza wa tatu kwa saa 2, dakika 10 na sekunde 3. Nyuma yake kwa sekunde tatu tu alikuwa Leonard Korir, mzaliwa wa Kenya aliyejiunga na jeshi la Marekani. Mmoja alikwenda kwenye Olimpiki yake ya tano, mwingine akabaki. Hakuna aliyeulizwa lafudhi yake. Hakuna aliyeulizwa wazazi wake walikuja lini. Mwaka 2024 Korir alirudi katika mchujo mjini Orlando, safari hii akawa wa tatu, na akakimbia Paris.

Na hapa kwetu Alexandria, kijana Noah Lyles alikuwa ndiyo kwanza amemaliza sekondari aliposhiriki mchujo wa mwaka 2016. Alikimbia mita 200 kwa sekunde 20.09, muda ambao haukuwahi kufikiwa na mwanafunzi yeyote wa sekondari nchini Marekani, lakini akawa wa nne. Magazeti yalimpenda, lakini kanuni haikumwongezea nafasi. Miaka minane baadaye, mjini Paris, alitwaa dhahabu ya mita 100 kwa tofauti ya sehemu tano za elfu moja za sekunde. Wa nne wa jana si lazima awe wa nne wa kesho, ikiwa ameelezwa kwa uwazi kwa nini aliachwa.

KURA ZA MASHABIKI

Je, kukosekana kwa kipimo kabisa kunafikisha wapi? Historia ya besiboli ya Marekani inatupa jibu. Mchezo wa Nyota wa mwaka 1957 haukuwa wa timu ya taifa, lakini wachezaji wa kuanza walichaguliwa kwa kura za mashabiki nchini kote. Mashabiki wa Cincinnati walipiga kura kwa wingi uliopita kiasi, wakisaidiwa na gazeti la mji wao lililochapisha karatasi za kura zikiwa zimekwisha kujazwa. Matokeo yake, nafasi saba kati ya nane za kuanza katika kikosi cha Ligi ya Taifa zilikwenda kwa wachezaji wa Cincinnati. Kamishna Ford Frick aliingilia kati, akawaondoa wawili kati yao, akawaweka Hank Aaron na Willie Mays. Hao wawili leo wanahesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa karne nzima, na kura zilikuwa zimewaacha nje! Mashabiki walinyang'anywa haki ya kupiga kura hadi mwaka 1970.

Wasomaji wetu wanaotoka Tanzania wanajitambua humo. Nani kati yetu hajasikia mabishano ya Simba na Yanga yakihamia ndani ya Taifa Stars? Mchezaji akiitwa, shabiki huuliza kwanza anavaa jezi ya rangi gani mwishoni mwa wiki. Kama anajua kucheza ni swali la baadaye. Mwaka 2018 kocha Emmanuel Amunike kutoka Nigeria aliwaondoa kikosini wachezaji kadhaa, wengi wao wa Simba, kwa kuchelewa kuripoti kambini. Kelele zilikuwa kubwa. Lakini mwezi wa Machi 2019 Taifa Stars iliifunga Uganda mabao 3 kwa 0 jijini Dar es Salaam, ikafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Huko Misri ilipoteza mechi zote tatu, na hatudai kwamba nidhamu peke yake hufunga mabao. Tunachodai ni kwamba kocha yule alikuwa na kanuni moja kwa wote, na jina la klabu halikumtetea mtu.

KIJANA WA POTOMAC

Mfano wa karibu zaidi na milango yetu ni wa Freddy Adu. Alizaliwa Tema, Ghana, mwaka 1989. Familia yake ilipata viza kwa ile bahati nasibu ambayo wengi wetu tunaijua kwa majina yake yote, ikahamia Maryland mwaka 1997. Mama yake alimlea kwa kufanya kazi zaidi ya moja, kama wanavyofanya akina mama wengi wanaoisoma karatasi hii. Akiwa na umri wa miaka 14 kijana huyo alisajiliwa na ligi kuu ya Marekani. Tarehe 3 Aprili 2004 alicheza mechi yake ya kwanza akiwa na D.C. United, katika uwanja wa RFK hapa Washington. Alikuwa na mkataba wa Nike wa dola milioni moja na alitokea katika tangazo pamoja na Pelé. Watu walijaza viwanja kumtazama.

Mwezi wa Januari 2006, akiwa na umri wa miaka 16, aliichezea timu ya taifa ya Marekani dhidi ya Kanada. Kombe la Dunia la Ujerumani lilikuwa miezi michache mbele. Laiti jezi ingegawiwa kwa kura za mashabiki, yamkini angekwenda. Kocha Bruce Arena, ambaye zamani aliifundisha D.C. United, hakumchukua. Kwa mchezo wa kijana huyo wakati ule, uamuzi huo ulikuwa na msingi. Marekani ilitolewa katika hatua ya makundi, na mechi ya mwisho ilifungwa mabao 2 kwa 1 na Ghana, nchi aliyozaliwa Adu.

Katika maisha yake yote ya mpira Adu aliichezea Marekani mechi 17. Idadi hiyo si aibu hata kidogo. Kwa kijana yeyote mwingine ingekuwa fahari ya ukoo mzima. Ilionekana kuwa upungufu kwa sababu alikuwa ameitwa Pelé mpya kabla hajamaliza kukua. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na katika kisa hiki ngoma ilikuwa ni mtoto. Umaarufu humwonea asiye maarufu kwa kumnyima nafasi. Lakini humwonea na maarufu pia, kwa kumpa mzigo ambao ustahili wake haujawa tayari kuubeba.

YATUPASAYO

Katika soka, mpira wa kikapu au voliboli hakuna saa itakayomaliza ubishi. Jicho la kocha litaendelea kuamua. Lakini jicho linaweza kufungwa kwa kanuni. Kocha akitangaza mapema anachokitafuta, siku za majaribio, nidhamu inayotakiwa na watu watakaoamua, atakuwa amemtendea haki hata yule atakayemwacha. Kanuni iliyoandikwa kabla ya mchezo ni hakimu. Kanuni inayoelezwa baada ya majina kutoka ni kisingizio.

Katika miaka yetu mingi ya ualimu tuliliona jambo moja likijirudia. Mtoto aliyeachwa kwa sababu anayoijua hurudi mazoezini kesho yake. Mtoto aliyeachwa kwa sababu asiyoijua huacha mchezo, na mara nyingine huacha na masomo, kwa kuwa amejifunza kwamba juhudi na tuzo havijuani. Hicho ndicho kinachohatarishwa hapa, si medali.

Kwa hiyo tunawashauri wazazi wenzetu mambo manne. Kwanza, mtoto wako anapokwenda kwenye majaribio ya timu ya shule au ya kaunti, muulize kocha kwa adabu, na ikiwezekana kwa maandishi, vigezo ni vipi. Swali hilo si utovu wa heshima katika nchi hii. Ni haki ya mzazi. Liulizeni kabla ya majina kutoka, kwani likiulizwa baadaye husikika kama lalamiko.

Pili, fahamuni kwamba timu nyingi za klabu zinazosafiri hulipisha ada kubwa, na kwamba mtoto asiyeonekana katika timu hizo anaweza asionekane kabisa. Huko nako ni kuchagua kwa jina, ijapokuwa jina lenyewe limeandikwa kwenye hundi. Ulizeni kama kuna nafasi za msaada. Mara nyingi zipo, ila hazitangazwi kwa sauti.

Tatu, msiwadharau watoto wanaopenda riadha, kuogelea na michezo mingine inayopimwa. Kwa mgeni asiye na mjomba katika kamati, saa ni ndugu wa kweli. Muda wa mtoto wa Langley Park na muda wa mtoto wa McLean huandikwa kwa tarakimu zile zile.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote, haki tunayoidai kwa wenyeji haina budi kuanzia kwetu. Jumuiya yoyote inayounda kikosi cha mashindano ya kiangazi haina budi kujiuliza kama kijana anawekwa mbele kwa mchezo wake au kwa sababu baba yake ni mjumbe wa kamati, anatoka mkoa fulani, au ndiye mwenye gari la kuwabeba wenzake. Hatuwezi kulalamika kwamba Nairobi na Dar es Salaam huchagua kwa majina, kisha Jumamosi, kwenye nyasi za bustani ya kaunti, tukafanya vivyo hivyo kwa timu ya watoto wa miaka 12. Watoto wanatutazama. Wanayaona yote, na wanahesabu kwa ukali kuliko saa yoyote.

Wasomaji wenye maoni tofauti, hasa wale watakaomtetea Kipchoge, nao tunajua ni wengi, wayaandike na kuyaleta kabla ya toleo lijalo. Tutafurahi kuyachapa, na tutayachagua kwa uzito wa hoja bila kutazama jina la mwandishi.